Kadi Isiyo na Anwani

Rehema ameniomba niwaandikie ninyi wanafunzi wapya mnaoanza Jumamosi hii kule kliniki ya Fisksätra, hapa Uswidi. Aliniambia, "Babu, waandikie mambo ya kutoa damu tu, kurasa mbili zinatosha." Nikamjibu kwamba kutoa damu ni mistari mitatu, mengine yote ni watu. Anajua nitaandika nini, na nadhani ndiyo maana aliniomba mimi.

Jina langu Athumani, fundi wa maabara. Nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza nilistaafu hospitali, wakanipa keki na saa ya ukutani. Mara ya pili sikupewa keki. Vidole vilianza kutetemeka, nikaiweka sindano chini mwenyewe kabla sijaambiwa. Kati ya kustaafu kwa kwanza na kwa pili nilikuwa na miaka tisa ya Jumamosi, na hizo Jumamosi ndizo ninazotaka kuwaeleza.

Kwa asiyejua, kliniki yetu ni ya bure na wenyewe ni wanafunzi. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi ndio wanaofungua mlango, wanaopanga viti, wanaopokea wagonjwa, na wanaopiga kura juu ya kila kitu, hata aina ya biskuti. Sisi wazee tulikuwa wawili tu. Kulikuwa na Gunilla, daktari mstaafu, ambaye kila dawa na kila ushauri ulipita mkononi mwake kwanza, na mimi wa sindano. Tulipewa ukumbi wa wapangaji chini ya jengo moja la ghorofa, ambako siku nyingine wazee wa Kiswidi hucheza bingo. Kliniki ilianzishwa kwa ajili ya Wafilipino, kina mama wanaolea watoto na kusafisha nyumba za watu kwenye vituo vya mbele vya ile treni ya Saltsjöbanan, wengi wao vibali vimekwisha. Habari zikaenea, wakaja Wakongo, Waganda, Wakenya, na wazee kadhaa waliowahi kuwa askari katika nchi wasizoweza kurudi. Sheria ya hapa inasema mtu asiye na karatasi ana haki ya matibabu yasiyoweza kungoja. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mtu mwenye hofu, hakuna kisichoweza kungoja.

Sasa ile mistari mitatu. Upashe mkono joto kwanza. Usiupige mshipa makofi, haujakukosea kitu. Na usimwambie mgonjwa akunje ngumi na kuikunjua, akunje na kuikunjua, kama mnavyoona kwenye sinema. Misuli ikifanya kazi namna hiyo huku mkono umefungwa mpira, potasiamu hutoka ndani ya chembe na kumwagika kwenye damu, na majibu yatakuja ya uongo. Ukitikisa mrija wa damu kama chupa ya dawa ya kikohozi, ni yale yale. Mrija unapinduliwa taratibu, mara nane hivi, basi. Wengi wenu mtadharau mstari huu wa tatu. Rudini kuusoma mkishamaliza kurasa hizi.

Haya sikufundishwa Uswidi. Alinifundisha Mzee Mhina kwetu Muheza, enzi za darubini ya kioo, ile ambayo ukitaka kuviona vijidudu vya malaria unaigeuzia dirishani na kuomba jua lisijifiche. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mjuaji kupita kiasi. Siku moja nilichanganya slaidi mbili. Mtu mzima asiye na malaria akameza vidonge vyote kwa utiifu, na mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani kwamba hana kitu. Mzee Mhina alipogundua hakunigombeza. Alivaa kofia yake, akanipakia nyuma ya baiskeli, tukaenda kumtafuta yule mtoto kitongoji kwa kitongoji. Tuliuliza kwa jina la baba yake, kwa jina la babu yake, kwa shamba la mkonge alikofanya kazi mama yake. Kila tuliyemuuliza alitusogeza mbele kidogo. Jioni tukampata, anachemka lakini mzima. Njia nzima ya kurudi mzee alisema neno moja tu: "Athumani, damu ina mwenyewe."

Kisha nikaja huku kumfuata mke wangu, marehemu Zaina, aliyekuwa anasoma. Nilianza kwa kuosha vyombo vya maabara, nikarudi darasani nikiwa na mvi, nikashika sindano tena. Nilikuta nchi ambayo kila mtu ana nambari yake. Unaigonga kwenye mashine, unajua alizaliwa lini, anakaa wapi, daktari wake nani. Nilicheka peke yangu siku ya kwanza. Nikasema, hapa Mzee Mhina angeuza baiskeli.

Nilisahau kwamba wako wasio na nambari. Nilikumbushwa na mzee mmoja wa Kongo, mwaka wa kwanza wa kliniki. Alikuwa askari kwao miaka mingi, kifua bado kimenyooka, nasi tukamwita Kamanda. Nilipomfunga mpira mkononi nikamuuliza kama anaogopa sindano. Akaniangalia kwa huruma. "Miye nilipitaka ku vita, docteur. Sindano haiwezi kunitisha." Sindano haijagusa ngozi bado, Kamanda akazimia, akamwangukia Gunilla, ambaye ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Wanafunzi watatu walihitajika kumnyanyua, na mmoja zaidi kumnyanyua Gunilla.

Jumamosi iliyofuata Kamanda alirudi na mfuko wa maandazi kuomba radhi. Mwanafunzi wa mapokezi, kijana wa Kiswidi mwenye moyo safi kabisa, alimwandikia kadi. Jina, akatoa. Umri, akatoa. "Anwani?" Kamanda akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. "Ni ya nini?" akauliza. "Ni ya kuandika tu," kijana akajibu. Kamanda akateremsha mkono wa shati aliokwisha kuukunja, akafunga kifungo, akatushukuru mmoja mmoja, akatoka. Shinikizo lake la damu lilikuwa la kutisha na hakuwa hata na kidonge kimoja. Hatukumwona tena. Maandazi yalibaki mezani, hakuna aliyeweza kuyala.

Mimi ndiye niliyetoa hoja kwenye kikao cha wanafunzi. Kadi iwe na jina analojichagulia mgonjwa, nambari yetu ya muda, na ugonjwa wake. Basi. Hatuulizi jina la kweli, hatuulizi simu, hatuulizi anakaa wapi. Majibu yanatolewa Jumamosi inayofuata, mwenye kuyataka atarudi. Gunilla aliuliza swali moja tu: "Na majibu yakiwa mabaya?" Nikasema, "Atarudi." Mikono yote ikapanda.

Nilijivunia ile kanuni, siwafichi. Wagonjwa waliongezeka mpaka viti havikutosha. Watu walijichagulia majina kwa raha zao. Mama mmoja wa Kikenya alijiita Malkia, na kila zamu yake ilipofika nilitangaza, "Malkia, tafadhali," naye anainuka kwa maringo mbele ya watu wote. Kila mwanafunzi mpya nilimkalisha chini nikamwambia: ukiuliza anwani, umemfukuza mgonjwa. Nilisema hivyo kwa miaka, na kila nikisema nilimwona Kamanda akifunga kifungo chake.

Rehema ninyi mnamjua kama Daktari Rehema. Wakati ule alikuwa mwanafunzi wa muhula wa tano, mzaliwa wa hapa hapa, mtaa wa Tensta, wazazi wake watu wa Tanga kama mimi. Kiswahili chake ni cha nusu kwa nusu. Akifika asubuhi ananiambia, "Shikamoo babu, läget?" Hilo la mwisho ndilo "mambo vipi" ya vijana wa hapa. Mimi namjibu marahaba kwa lile la kwanza, hilo la pili namwachia mwenyewe. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na nilimpenda kama mjukuu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili. Theluji ilikuwa imeganda mitaani na wagonjwa wote walikuja na vidole vya baridi. Akaingia mama mmoja wa Kifilipino, wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Miguuni alivaa viatu vya kiume. Nilipoangalia vizuri nikaelewa kwa nini: miguu ilikuwa imevimba, viatu vyake mwenyewe havikuingia. Kwenye kadi alijiita Luz. Wanafunzi wakamwita Ate Luz, kwa kuwa "ate" kwa Wafilipino ni dada mkubwa, na alikuwa na sura ya dada mkubwa wa kila mtu.

Alisema amechoka tu. Ngozi inamwasha. Usingizi haupo. Mgongo umemsumbua miaka mingi kwa kubeba watoto wa watu, na miaka yote hiyo amekuwa akimeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni. Gunilla alimpima, na nilimwona Gunilla akipunguza maneno, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya. Akaandika vipimo vya figo, maana vidonge vile huzila taratibu. Akamwambia, pumzi ikibana au moyo ukienda vibaya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje. Ate Luz akacheka. Akasema Jumatatu ana watoto wawili wa kuwapeleka shule. Akasema pia anachohitaji ni kufika mwezi wa sita, mwanawe wa mwisho anamaliza masomo ya uuguzi kwao, baada ya hapo atapumzika. Alilitamka neno uuguzi kwa Kiingereza, polepole, ili tusikie vizuri.

Rehema alijaribu mshipa mara mbili, akakosa. Nikachukua nafasi yake. Nikaleta beseni la maji ya uvuguvugu, nikauweka mkono wa Ate Luz ndani mpaka ukawa mwekundu, nikamwambia alegeze vidole kabisa. Damu ilitoka kwa hiari, bila kusukumwa. Niliipindua mirija taratibu, nikaipanga. Nilimwonyesha Rehema: hivi ndivyo. Kisha nikaenda kumletea mgonjwa chai na ndizi mbili, kama tulivyomfanyia kila aliyetolewa damu. Kwetu mtu hatoki mikono mitupu.

Niliporudi, Rehema alikuwa ameinama karibu naye, wanazungumza Kiswidi kwa sauti ya chini. Alikuwa amemuuliza kama ana simu. Ate Luz akatazama mlango, akatazama kadi, akachukua kalamu na kuandika namba yake pembeni, kwa herufi ndogo ndogo.

Nikamkaripia Rehema pale pale. "Tumekubaliana nini hapa?"

"Men, lakini babu, Gunilla ana wasiwasi. Ni simu tu."

"Leo simu, kesho anwani. Unataka asirudi?"

"Ameandika mwenyewe. Nimemuuliza, akakubali."

"Kakubali kwa sababu umevaa koti jeupe."

Nilichukua mkasi. Nilikata ile pembe ya kadi, na kwa kuwa sikutaka mtu aiokote kwenye pipa la taka, nikaitumbukiza kwenye sanduku la njano la sindano, lile ambalo kikiingia kitu hakitoki. Rehema macho yakamjaa maji, akageukia dirishani. Ate Luz hakuelewa Kiswahili chetu lakini alielewa sauti. Akadhani amekosea. Aliniomba radhi, yeye, kwangu. Akala ndizi moja, ya pili akaitia mkobani, akaondoka na nambari yake ya muda kwenye kikaratasi.

Mirija nilikuwa naipeleka mwenyewe. Kwanza naizungusha kwenye mashine yetu ndogo ili damu ijitenge, kisha naipanga kwenye begi la baridi, napanda treni hadi maabara niliyostaafia, ambako walitupokelea vipimo vyetu. Siku ile nilifanya kama siku zote, nikarudi zangu nyumbani Akalla, nikaswali alasiri, nikaweka wali jikoni. Simu ikalia.

Alikuwa kijana wa maabara niliyemfundisha mimi. "Athumani, nambari yenu ya nne. Potasiamu saba nukta mbili. Kreatinini sijawahi kuiona hivi kwa mtu anayetembea. Sampuli ilitolewa vizuri? Niandike imeharibika?"

Ndugu zangu, kreatinini ikipanda hivyo figo zimeshindwa kazi, na potasiamu ikizidi tano tunaanza kumwangalia mtu. Ikipita sita na nusu, moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Kwa hiyo namba kama ile ikija, kila fundi wa maabara huomba iwe ni makosa ya aliyetoa damu. Ngumi ilikunjwa. Mrija ulitikiswa. Mwanafunzi alihangaika na mshipa. Laiti mkono wa mwisho ungekuwa wa Rehema, ningepata pa kujificha mpaka kesho yake. Nikamwambia, "Nimeitoa mimi." Alijua maana yake.

Nikampigia Gunilla. Akasema apelekwe hospitali sasa hivi, yeye atazipigia zote za mjini wamsubiri. "Yuko wapi?"

"Sijui."

"Jina lake nani?"

"Luz."

"Luz nani?"

Gunilla akakata simu azipigie hospitali. Hakunikumbusha swali alilouliza kwenye kikao, na mpaka leo hajanikumbusha.

Nilizima jiko, nikampigia Rehema, tukakutana ukumbini. Mtaniahidi hamtafanya tulichofanya. Tulivaa glavu mbili mbili, tukatandika magazeti sakafuni, nikalivunja lile sanduku la njano kwa koleo. Tukachambua sindano moja moja kwa kibanio. Miaka yote nimefundisha watu kwamba sanduku lile halifunguliwi hata kama limemeza pete ya ndoa. Kipande cha kadi tulikipata chini kabisa, kimegandana na pamba za spiriti. Wino ulikuwa umeyeyuka. Palisomeka sifuri na saba, ambazo ndizo tarakimu za mwanzo za kila simu ya mkononi katika nchi hii. Rehema alikiinua kwenye taa, akakigeuza, akakiinua tena. Nikamwambia akiache.

Kitu kimoja alikikumbuka. Wakati namletea chai, Ate Luz alimwambia kwamba Jumapili hupika chakula cha watu baada ya misa. Kwa hiyo Jumapili asubuhi tulikuwa mlangoni mwa kanisa wanakosali Wafilipino, mimi na kofia yangu ya kufuma ya baridi juu ya ile ya Kiislamu iliyoshonwa kwa mkono, Rehema na hijabu yake, tunatetemeka. Mlangoni alisimama mama mmoja akigawa karatasi za nyimbo. Baadaye nilijua anaitwa Nenita. Rehema akamsalimia kwa Kiswidi, akamwambia tunamtafuta Luz.

"Hapa hakuna Luz," akasema.

Tukamweleza alivyo. Mfupi, miwani ina uzi, viatu vya kiume, miguu imevimba. Rehema akasema tumetoka kliniki, ni jambo la afya, ni la haraka mno. Mimi kwa haraka yangu nikatoa mfukoni karatasi ya majibu niliyoichukua maabara alfajiri ile, nikamnyooshea. Akaitazama ile karatasi yenye nambari na mihuri. Akanitazama mimi. Uso ukafunga.

"Mtu huyo hatumjui."

Tuliwauliza wengine, wanaume kwa wanawake, mpaka kengele ikalia. Jibu lilikuwa lile lile, kwa adabu ile ile, wakitabasamu. Na niwaambie ukweli, niliwatambua. Nilijua kabisa wanafanya nini, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikifanya mimi kila Jumamosi. Walikuwa wanamlinda mtu wao. Rehema akamwachia Nenita namba yake ya simu, Nenita akaipokea kwa mikono miwili.

Ndani ya treni Rehema alilia njia nzima, akisema maneno kwa Kiswidi tupu, kama wafanyavyo watoto wetu wakizidiwa. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu. Nilikaa mkabala naye na ile karatasi magotini, nikamkumbuka Mzee Mhina na vitongoji vyake, jinsi kila tuliyemuuliza alivyotusogeza mbele kidogo.

Wiki ile yote nilipanda Saltsjöbanan kila asubuhi, kwenda na kurudi, nikitazama kila kituo saa ya watoto kwenda shule. Kina mama wa Kifilipino niliwaona wengi, wameshika vitoto vyeupe mikono. Wengine waliona namna ninavyowakodolea macho, wakahamia behewa lingine. Gunilla alipiga simu hospitali hizo hizo kila siku, hadi wakamjua kwa sauti.

Kabla sijamaliza, msinielewe vibaya. Hofu ya wagonjwa wenu ni ya kweli, na kanuni yangu niliitunga kwa mapenzi. Kamanda hakuwa mwendawazimu. Lakini nilimwogopea kila aliyekuja baada yake, nikaacha kuwauliza wao wenyewe. Ate Luz aliulizwa, akafikiri, akaamua kuniamini, na mimi nikaikata imani yake kwa mkasi kwa sababu nilidhani najua hofu yake kuliko yeye. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Leo mna daftari dogo linalokaa kwa daktari peke yake, simu inaandikwa kwa ridhaa ya mgonjwa, na ukurasa unachanwa majibu yakishamfikia. Utaratibu huo aliyeutunga ni Rehema, na siku ulipopigiwa kura nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Msiuonee uvivu. Na anayekataa kuandika, mwacheni akatae, lakini mwambieni wazi anachokikataa.

Jumamosi iliyofuata tulifungua kama kawaida. Kadi ya Luz niliiweka juu ya zote. Kila mlango ulipofunguka niligeuka. Wanafunzi wakaacha kuniambia nikae.

Karibu na saa sita aliingia Nenita. Sikumjua mara moja bila zile karatasi za nyimbo. Alinitazama mimi, akamtazama Rehema, akabaki amesimama katikati ya ukumbi na koti lake.

"Mlisema kweli," akasema. "Mlikuwa wa kliniki."

Rehema akamletea kiti. Hakukaa. Alituambia kwamba saa ile tulipokuwa mlangoni, yeye tuliyemtafuta alikuwa chini jikoni, anakaanga tambi. Nenita aliteremka baadaye kumwambia kwamba kuna watu wamekuja na karatasi. Akamkuta ameketi juu ya ndoo, amechoka, akaona asimtie hofu. Akanyamaza. Akampa maji ya machungwa apate nguvu. Jioni ile, katika nyumba aliyokuwa akifanyia kazi, Ate Luz aliosha vyombo vya watoto, akakaa kwenye ngazi kuvua viatu. Watoto ndio waliomkuta.

"Mngeuliza jina lake," Nenita akasema. Hakusema kwa hasira. "Mliuliza mtu asiyekuwepo. Nikajiambia, hawa hawamjui. Mtu anayemjua angejua jina lake."

Kisha akalitaja. Majina matatu, na la baba yake. Lilikuwa refu na zuri, na Luz halikuwemo hata kidogo. Sitaliandika hapa, maana hakuniruhusu. Rehema alilirudia kwa sauti, taratibu, mpaka akaweza kulisema bila kukosea. Mimi nilitaka kusema pole, nikashindwa kuchagua niseme kwa lugha gani.

Nilidhani sasa ataondoka. Badala yake alivua koti, akalitundika, akaja kuketi kwenye kiti changu cha kutolea damu. Akakunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko. Akasema na yeye anameza vidonge vile vile vya maumivu, miaka mingi kama mwenzake.

Nilichukua kadi mpya. Kwa mazoea nikaanza kumweleza kwamba anaweza kujichagulia jina. Akanikatiza.

"Andika langu," akasema. "Lote."

Akalitaja, nami nikaliandika, herufi moja moja. Nikainua kalamu, nikamuuliza swali nililowakataza wanafunzi miaka yote ile. Nikamuuliza anakaa wapi.

Akanitajia mtaa, nambari ya jengo na ghorofa. Akangoja niandike, akainama kuhakikisha nimepata sawa. Kisha akaniambia ni jina gani limeandikwa mlangoni, kwa kuwa si lake, ili nisije nikafika na kugeuka.